Sumu isiyoletwa na adui: namna ya kupunguza kemikali za hatari nyumbani mwetu



Huku mashariki mwa Kongo, mtu akishikwa na tumbo ghafula, au akikonda bila sababu inayojulikana, neno linalosikika upesi ni "sumu". Katika Kivu watu hutaja karuho. Mahali pengine husema amelishwa kitu. Kisha anatafutwa mtu wa kushitakiwa: jirani, shemeji, mjane anayeishi peke yake, wakati mwingine mtoto. Jamaa nyingi zimevunjika kwa sababu ya neno hilo, na kuna watu waliopigwa na hata kuuawa kwa ajili yake.

Lakini kuna sumu zingine zenye majina, ambazo zinaweza kupimwa katika maabara, nazo zinakaa nyumbani mwetu bila mtu yeyote kuzishitaki. Zimo katika bidoni ya zamani tunayochotea maji, katika krimu ya uso, katika betri iliyofunguliwa uani, katika kidonge kinachowekwa ndani ya mfuko wa maharagwe. Hakuna adui aliyezileta. Tulizinunua wenyewe, kwa faranga zetu, tukiwa na nia njema.

Kitabu cha Wafalme wa Pili, sura ya 4, mistari ya 38 hadi 41, kinasimulia jambo linalofanana na hilo. Wakati wa njaa kule Gilgali, mmoja wa wanafunzi wa manabii alikwenda porini kutafuta mboga. Akaleta matunda ya mwitu asiyoyajua, akayakatakata ndani ya chungu. Wenzake walipoonja, walipaza sauti kwamba ndani ya chungu mna kifo. Tunaona hapa mambo matatu. Aliyeleta matunda hakuwa adui wa mtu. Alikuwa na njaa kama wengine, na hakujua. Walioonja hawakunyamaza kwa haya wala hawakuendelea kula. Naye Elisha hakuanza kumtafuta mwenye kosa, alishughulikia chungu.

Ndiyo njia tunayotaka kuifuata katika maandiko haya. Tutaeleza ni vitu gani vya kila siku vyenye kemikali za hatari, zinadhuru namna gani, na ni nini jamaa yenye pesa kidogo inaweza kufanya.

Kipimo, muda na mtu

Mababu zetu walijua kuishi karibu na sumu. Muhogo mchungu una sumu inayoitwa sianidi, lakini wamama zetu wanaulowanisha siku kadhaa, wanauanika, wanautwanga, na bugali inaliwa bila hofu. Mahali ambapo njaa au haraka ya soko imefupisha kazi hiyo, watu wamepooza miguu kwa ugonjwa wa konzo. Ugonjwa huo ulielezwa na daktari Trolli mwaka wa 1938 huko Kwango, na hadi leo eneo la Kahemba linaujua sana. Muhogo ni uleule. Tofauti ni ujuzi wa kuutengeneza na muda wa kuufuata ujuzi huo.

Vitu vipya vya dukani vimekuja bila bibi wa kutufundisha. Kwa hiyo tujifunze maswali matatu. Kwanza, kipimo: ni kiasi gani kinaingia mwilini? Pili, muda: ni mara moja, au ni kila siku kwa miaka? Tatu, mtu: ni nani anayekipokea? Mtoto mdogo anatambaa chini, anaweka mikono kinywani, na ubongo wake bado unajengwa. Mama mwenye mimba anabeba miili miwili. Hao ndio wa kulindwa kwanza.

Sumu inaingia kwa njia tatu: kinywa, pumzi na ngozi. Kila mara tunapofunga njia moja, tumepunguza hatari, hata kama hatukuweza kuiondoa yote.

Bidoni na chupa zilizobeba kitu kingine

Bidoni ni mali katika nyumba zetu, na hakuna anayeitupa. Lakini bidoni iliyobeba dawa ya kuua wadudu, mafuta ya motere au kemikali ya kiwandani haifai tena kubeba maji, mafuta ya mawese, maziwa wala juisi. Plastiki inanyonya dawa hizo, kisha inazitoa polepole. Kuiosha kwa sabuni na mchanga kunaondoa harufu, lakini hakuondoi yote. Kuchemsha maji kunaua vijidudu vya kuhara, lakini hakuondoi kemikali nyingi za namna hii. Tena madini kama risasi hayatoki kwa moto: maji yakipungua kwa kuchemka, risasi inabaki palepale.

Hatari nyingine iko upande wa pili: kitu cha hatari kuwekwa katika chupa ya kinywaji. Petroli inayonunuliwa kwa Kadhafi wa barabarani inarudi nyumbani katika chupa ya maji. Javeli inapimwa katika chupa ya soda. Dawa ya shamba inagawanywa katika vichupa vidogo visivyo na jina. Mtoto mwenye kiu hasomi. Anaona chupa anayoijua.

Kanuni ni rahisi. Chombo cha kinywaji kibebe kinywaji tu. Kitu cha hatari kikae katika chombo chake cha kwanza, chenye etiketi, mahali pa juu na penye kufungwa. Bidoni ya dawa ya shamba ikiisha, isuuzwe mara tatu, na maji hayo yamwagwe ndani ya pompi ya kunyunyizia ili yatumike shambani. Kisha itobolewe ili mtu asiitumie tena. Msiichome. Ulizeni agronomu wa eneo lenu mahali pa kuipeleka.

Krimu za kung'arisha ngozi

Tunasema juu ya jambo hili bila kumwaibisha mtu. Wengi walianza kujipaka kwa sababu walisikia, tangu utoto, kwamba rangi yao haipendezi. Kosa la kwanza ni la uongo huo. Mungu hakukosea alipotuumba na ngozi hii.

Katika krimu na sabuni hizo mara nyingi mna kimoja cha vitu vitatu. Cha kwanza ni zebaki. Inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na inapita kwa mtoto aliye tumboni. Haibaki kwa anayejipaka peke yake: inakwenda kwenye taulo, mto wa kulalia na mikono ya watoto. Cha pili ni hidrokinoni. Ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kuleta madoa meusi yenye rangi kama ya bluu, ambayo ni vigumu sana kuyaondoa. Cha tatu ni dawa kali za namna ya kortizoni, kama klobetasoli. Zinafanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, zinaweza kupandisha sukari na tansio, na zinachelewesha vidonda kupona. Waganga wanaopasua wamama wakati wa kuzaa wanajua shida ya kushona ngozi ya namna hiyo.

Someni etiketi. Mkiona "mercure", "mercury", "calomel", "hydroquinone" au "clobétasol", acheni. Kuna dalili nyingine ambayo wengi hawaijui: etiketi ikikataza krimu isiguse pete au mikufu ya dhahabu na feza, huenda kuna zebaki ndani, kwa maana zebaki inashikamana na madini hayo. Krimu isiyoonyesha kabisa vitu vilivyomo ndani yake isinunuliwe.

Dunia imekwisha kuona ubaya wa zebaki. Mwaka wa 1956, katika mji wa Minamata, huko Japani, uligunduliwa ugonjwa wa watu waliokula samaki kutoka ghuba ambamo kiwanda kilimwaga zebaki. Mapatano ya mataifa yenye jina la mji huo yalikubaliwa mwaka wa 2013 na kuanza kazi mwaka wa 2017. Kwanza yalikataza krimu zenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni. Halafu, mwaka wa 2023, mataifa yaliamua kwamba kufikia 2025 kusiwe na kipodozi chochote kilichotiwa zebaki. Côte d'Ivoire ilikataza krimu za kung'arisha mwaka wa 2015, na jirani zetu wa Rwanda walianza kuziondoa madukani kwa nguvu tangu mwisho wa 2018. Lakini bidhaa iliyokatazwa upande mmoja inaweza kuuzwa upande wa pili wa mpaka.

Aliyejipaka miaka mingi asiache ghafula peke yake ikiwa krimu ina kortizoni kali, kwa sababu mwili unaweza kudhoofika. Aende kwa muganga na kopo mkononi, aonyeshe anachotumia. Na tusiwapake watoto wachanga krimu hizo hata kidogo.

Risasi: betri, rangi na sufuria

Risasi ni madini laini na mazito. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo anaweza kunyonya mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza. Inapunguza akili ya kujifunza, inaleta upungufu wa damu, na ikizidi inaleta degedege na kifo. Mtu mzima inampandishia tansio na kuharibu figo zake. Inakaa ndani ya mifupa miaka mingi, na inaweza kutoka tena wakati wa mimba.

Hapa tunaomba wachungaji wasikilize sana. Mtoto aliyechelewa kusema, asiyetulia, asiyeshika masomo, au anayeanguka kifafa, si mchawi. Kuna sababu nyingi za mwili, na risasi ni mojawapo. Kanisa linalomshitaki mtoto wa namna hiyo linamwongezea ugonjwa juu ya ugonjwa.

Risasi inaingia nyumbani hasa kwa njia tatu.

*Betri za gari na za jua.* Siku hizi betri za namna hii zimeenea hata vijijini. Zikichoka, kuna watu wanaozivunja uani ili kuyeyusha risasi, waiuze au watengeneze vizito vya nyavu. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar katika Senegali, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 mahali ambapo betri zilikuwa zikivunjwa na udongo wake kuchekechwa. Katika jimbo la Zamfara, Nigeria, mwaka wa 2010, mamia ya watoto walikufa kwa vumbi la risasi lililotoka kwenye mawe ya dhahabu yaliyosagwa nyumbani. Betri isivunjwe kamwe katika lupango wanamoishi watu, wala risasi isiyeyushwe juu ya mbabula ya kupikia. Iuzwe nzima, pamoja na maji yake.

*Rangi ya ukuta na ya chuma.* Ubaya wa risasi katika rangi umejulikana zamani; tangu 1921 kulikuwa na mapatano ya kazi ya mataifa juu ya rangi nyeupe ya risasi. Leo mashirika ya Umoja wa Mataifa yanashauri rangi isipite sehemu 90 za risasi katika milioni. Unaponunua rangi, hasa nyekundu, njano na ya kijani yenye kung'aa, tafuta kopo lililoandikwa kwamba halina risasi. Tunapotengeneza upya makanisa na shule zetu, rangi ya zamani isikwanguliwe ikiwa kavu. Ilowanishwe kwanza, watoto waondolewe, na vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Fagio kavu linalirusha hewani.

*Sufuria za kuyeyusha.* Sufuria nyingi za soko zetu zinatengenezwa na mafundi kwa aluminiamu ya mabaki: vipande vya motere, makopo, vyuma vya namna zote. Watafiti waliopima sufuria za namna hiyo huko Kameruni walikuta risasi inatoka na kuingia katika chakula. Hatusemi mzitupe leo, kwa sababu wengi hawana nyingine. Tunasema: msipikie humo kwa muda mrefu vitu vikali kama tomate na ndimu, msilaze chakula ndani ya sufuria hadi asubuhi, na mkipata pesa, nunueni kwanza sufuria moja nzuri ya chuma kisichoshika kutu, kwa ajili ya chakula cha watoto. Chungu cha udongo wetu, kisichopakwa rangi wala vernisi, kinafaa.

Chakula kizuri nacho kinasaidia. Mtoto mwenye njaa, asiye na chuma na kalsiamu ya kutosha, ananyonya risasi zaidi. Maharagwe, sombe, na ndagala wanaoliwa pamoja na mifupa yao vinamlinda kwa sehemu.

Dawa za wadudu shambani, ghalani na jikoni

Vidonge vinavyowekwa ndani ya mifuko ya maharagwe na mahindi vinatoa hewa inayoitwa fosfini vikikutana na unyevu. Hewa hiyo inaua wadudu wa ghala, na inaua watu vilevile. Haina dawa ya kuipinga. Mtu asilale katika chumba chenye mifuko iliyowekwa vidonge, hata usiku mmoja, hata kama kinahifadhiwa humo kwa kuogopa wezi. Heri mavuno yahifadhiwe bila dawa: yakaushwe vizuri, kisha yafungwe katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, au katika bidoni safi iliyojazwa hadi juu na kufungwa sana. Wadudu wanakosa pumzi na kufa.

Dawa ya kunyunyizia shamba isitumiwe kuua chawa kichwani, kunguni kitandani, au nzi juu ya samaki wanaoanikwa. Samaki mwenye harufu ya dawa asinunuliwe, hata bei ikiwa chini. Baba anayenyunyiza shamba avae nguo za kazi hiyo tu, asimame upande unakotoka upepo, aoge kwa sabuni kabla ya kuwashika watoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Matunda na mboga vioshwe kwa maji mengi safi.

Javeli na soda kostiki

Javeli ni rafiki anayehitaji heshima. Isichanganywe na asidi ya kuosha choo, wala siki, wala ndimu: inatoa hewa ya klori inayounguza mapafu. Isimwagwe pia juu ya mkojo mwingi katika choo kisicho na dirisha. Itumiwe kwa maji baridi, mlango ukiwa wazi. Tulipopita katika ugonjwa wa Ebola huko Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, watu wa kawaida walijifunza kwamba klori ya kunawa mikono ni ya asilimia 0.05, na ya kuosha vitu ni ya asilimia 0.5, yaani mara kumi zaidi. Somo hilo lisisahaulike: dawa ileile inafaa au inadhuru kulingana na kipimo.

Vikundi vingi vya wamama katika makanisa yetu vinatengeneza sabuni kwa mafuta ya mawese na soda kostiki. Ni kazi nzuri, lakini soda inaunguza ngozi na inaweza kupofusha macho. Sikuzote soda ndiyo inayotiwa ndani ya maji, kidogokidogo. Msimwage maji juu ya soda, maana yanachemka ghafula na kuruka. Tumieni ndoo ya plastiki ngumu, si sufuria ya aluminiamu, kwa sababu soda inaila na kutoa hewa inayoshika moto. Vaeni gants na miwani, fanyeni kazi nje, na watoto wasiwepo. Sabuni iliyokatwa ikae majuma manne hivi kabla ya kuuzwa.

Moshi wa plastiki na mbabula ya chumbani

Kuwasha makala kwa vipande vya mifuko ya plastiki kunaleta moto upesi, lakini moshi wake una sumu, kati yake dioksini, inayokaa mwilini miaka mingi. Tumieni majani makavu, maganda ya mahindi au vijiti. Vilevile tunaona wengi wakifunika wali au ndizi zinazochemka kwa mfuko wa plastiki. Joto linatoa kemikali za plastiki na kuziingiza katika chakula. Jani la ndizi lilifanya kazi hiyo tangu zamani, na halina bei. Chakula cha moto kisitiwe katika mfuko mwepesi wala katika ndoo iliyokuwa ya rangi. Kuhusu chupa za watoto wachanga, Umoja wa Ulaya ulikataza mwaka wa 2011 zile zenye kemikali ya bisfenoli A. Kwetu, kikombe na kijiko ni salama zaidi na rahisi kuosha.

Katika miji ya baridi kama Bukavu na Butembo, wengine huingiza mbabula chumbani usiku. Makala yanayowaka bila hewa ya kutosha yanatoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Inaleta maumivu ya kichwa, usingizi, kisha kifo. Jamaa nzima ikikutwa imekufa asubuhi, watu husema imelogwa. Mbabula ibaki nje.

Vumbi la kazi linaloletwa nyumbani

Mwaka wa 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven huko Ubelgiji walichapisha vipimo vya watu wanaoishi karibu na machimbo na viwanda vya Katanga. Walikuta kobalti na madini mengine kwa wingi mkubwa katika mkojo wao, na watoto ndio waliokuwa na zaidi. Mchimbaji anaweza kusaidia jamaa yake kwa kubadili nguo na kunawa kabla ya kuingia nyumbani. Mfuko uliobeba madini usirudi kubeba unga. Katika machimbo ya dhahabu kama ya Kamituga na Mongbwalu, zebaki isichomwe jikoni, na sufuria iliyoichoma isipikie tena chakula.

Tusiogope kila kitu

Hofu isiyo na ujuzi nayo inaua. Chandarua chenye dawa kinaokoa watoto na malaria. Kikiwa kipya, kianikwe kivulini siku moja kabla ya kukitumia, na kisitumiwe kuvulia samaki. Klori inayotiwa katika maji ya kunywa kwa kipimo cha kituo cha afya inatulinda na kipindupindu. Dawa za muganga ni msaada. Tunachokataa ni kutumia bila kujua.

Ajali ikitokea

Mtu akimeza petroli, soda kostiki au javeli, msimtapishe. Petroli inaweza kuingia mapafuni, na soda inaunguza mara ya pili inapopanda. Msimpe mafuta ya mawese wala maziwa. Hayasaidii, na yanaweza kumtapisha. Mfutieni kinywa, mkimbize kwenye kituo cha afya pamoja na chupa au etiketi. Dawa ya wadudu ikimmwagikia, mvueni nguo na mwosheni kwa maji mengi na sabuni, ninyi mkilinda mikono yenu. Akitokwa na jasho na mate mengi, mboni za macho zikiwa ndogo na pumzi ikimshinda, hakuna muda wa kungoja. Kitu kikiingia machoni, suuzeni kwa maji safi yanayotiririka kwa robo saa au zaidi. Aliyepatwa na hewa mbaya atolewe nje kwanza, na anayemtoa asikawie ndani.

Ombeni mkiwa njiani. Msingoje kumaliza maombi ndipo mwondoke.

Imani na busara

Wengine hutaja mwisho wa Injili ya Marko, sura ya 16, kwamba waaminio hawatadhurika wakinywa kitu cha kufisha. Ahadi hiyo haikutolewa ili tumjaribu Mungu. Yesu mwenyewe, alipoambiwa ajitupe kutoka juu ya hekalu, alikataa, ingawa aliyemjaribu alitaja Maandiko. Tena mtume Paulo anatufundisha katika Wakorintho wa Kwanza, sura ya 6, kwamba mwili ni hekalu la Roho. Hatuingizi takataka kanisani kisha tukaomba Mungu asafishe.

Neno letu pia ni kwa wafanya biashara walio washiriki wetu. Anayejua kwamba krimu ina zebaki, au kwamba bidoni ilikuwa ya dawa, naye akaiuza kwa ndugu yake, hawezi kusema hakuhusika. Huyo si kama yule mwanafunzi wa Gilgali, ambaye hakujua.

Kanisa mahalia lifanye nini

Tunashauri kila kanisa lichague mwezi mmoja wa kazi hii, na lianze na mambo manne. Umoja wa wamama upite nyumba kwa nyumba kusaidia kutenga bidoni za maji na kuziwekea alama. Muuguzi wa kituo cha afya apewe nafasi siku ya Mungu, baada ya ibada, aeleze ajali za sumu na namba ya simu ya kumwita. Walimu wa shule ya siku ya Mungu wafundishe watoto kutokunywa chupa wasiyopewa na mkubwa. Na wazee wa kanisa waangalie majengo yetu wenyewe: rangi, betri za muziki, dawa za panya, stoo ya javeli.

Kisha kuna kazi ya tano, iliyo ngumu zaidi. Mtu akija kwenu akisema amelishwa sumu na jirani, msimfukuze wala msimkubalie upesi. Mpelekeni kwanza kwa muganga. Halafu nendeni pamoja naye nyumbani kwake, mwangalie anakunywa maji ya bidoni gani, anapikia sufuria gani, anajipaka nini, analala karibu na mifuko gani. Huenda mtakuta sababu na kuiondoa siku hiyohiyo, na jirani ataendelea kuwa jirani.

Bwana awape hekima na afya, ninyi na watoto wenu.